Faharasa Kwanza

Kidole cha fundi kompyuta wa hospitali kilining'inia juu ya kitufe kwa adhama kubwa. Akikibonyeza, kanuni ya kupanga majina itabadilika: herufi kubwa na ndogo zitahesabiwa sawa.

"Toa hicho kidole, baba watoto," alisema mkewe, mtunza mafaili. "Faharasa, orodha ambayo mashine hutafutia majina, imepangwa kwa kanuni ya zamani. Usipoipanga upya, mashine itamtafuta mgonjwa mahali asipokuwepo, iseme hatumjui."

"Kuipanga ni saa tatu, mpenzi. Foleni imefika getini."

"Na asiyetakiwa kuchomwa penisilini, tutamjuaje faili lake lisipoonekana?"

Kidole, chenye plasta aliyoibandika mkewe asubuhi huku akimcheka, kilijikunja taratibu.

"Sawa. Lakini nenda ukawaambie wewe walio kwenye foleni wasubiri," alinong'ona fundi. "Mimi watanitafuna."