Habari kwa Maneno Sitini

Fundi alikuwa akipiga randa mlango wa chumba cha kulala, huku Mirriam akimsomea habari kutoka kwenye programu ya simu. Programu hiyo ilifupisha kila habari kwa maneno yasiyozidi sitini.

"Jengo la orofa saba limeporomoka mtaani Mowlem alfajiri," alisoma. "Watu wanne wamefariki. Wapangaji wanasema milango yao ilianza kukataa kufunga tangu Jumatatu."

Randa ikasimama.

"Hebu soma tena hapo mwisho, mama."

Akasoma tena, polepole. Kisha wote wawili wakautazama mlango. Upande wa bawaba ulikuwa na mwanya wa kutosha kupitisha kidole. Upande wa kitasa, mbao ilikuwa imebanwa na fremu hadi rangi ikachubuka.

"Hii ni mvua tu," fundi akasema. "Mbao hunywa maji kama mlevi wa mwisho wa mwezi."

Alicheka peke yake. Mirriam alikuwa akitazama dari. Tangu Krismasi, mwenye nyumba alikuwa ameongeza orofa mbili juu yao.

Akagusa skrini kutafuta habari kamili. Simu ikamletea matokeo ya mpira.

Jirani wa orofa ya juu akaita kutoka kwenye ngazi. "Fundi! Ukimaliza kwa Mirriam, pitia kwangu. Mlango wa mbele haufungi tangu jana."

"Sawa, nakuja na randa!"

"Randa ya nini, wewe? Wangu ni wa chuma."