Mlio wa Karibu

Kioo cha simu kilimkatalia Bi Namba kwa mara nyingine. Alikibonyeza, akakipangusa, akakigonga kwa ukucha kama mtu anayebisha hodi, na kioo kikabaki cheusi vilevile.

"Lete hapa, mama," alisema dada wa kazi. "Vidole vyako vikavu. Simu hizi zinataka ngozi laini."

Vidole vikavu! Vidole hivyohivyo viliwahi kuunganisha mji mzima. Enzi zile ukitaka kumpigia mtu uliinua mkono wa simu, na sauti ya Bi Namba ikakuuliza, "Namba tafadhali?" Akichomeka waya kwenye tundu lake, watu wawili wanaongea. Asipochomeka, hawaongei. Sauti yake ilijulikana kuliko uso wake, na jina la utani alilipata hukohuko. Sasa macho yamefifia, na kazi yenyewe ilishakufa kitambo.

"Mpigie basi," alisema. "Mwambie mama yake anapasuliwa moyo Jumatatu. Hapana, usimwambie wewe, nipe mimi. Nataka niisikie sauti yake kwanza, halafu hao madaktari wafanye watakalo."

Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa ng'ambo. Wakati wa simu ya mezani walizungumza kila Jumamosi. Bi Namba alipiga mwenyewe, kwa kupapasa tu. Kisha kampuni ikang'oa nyaya mtaa mzima. Binti akatuma hii ya kioo ili waonane na nyuso, na tangu hapo hawakuonana wala kusikiana. Mwaka sasa. Mtoto umzae, umsomeshe, halafu akufanyie hivyo! Majirani walimsema yule binti mpaka wakachoka. Waliyemsifu ni dada wa kazi, mwanamke mtu mzima aliyekuja mwenyewe kubisha hodi mwaka huohuo, akakubali mshahara ambao wasichana wadogo walikuwa wameucheka.

Dada wa kazi alibonyeza hapa na pale, akamwekea simu sikioni.

Ikalia. Ikalia tena. Bi Namba alikunja uso.

"Mlio huu ni wa karibu."

"Wa karibu vipi, mama?"

"Simu ya mbali ina upepo ndani yake. Mlio wake unafika umechoka. Huu kama unatoka chumba cha pili."

"Hayo ya zamani. Siku hizi mbali na karibu mlio ni mmoja."

"Labda," alisema Bi Namba. Alisikiliza mpaka simu ikakatika yenyewe. "Hapokei."

"Hapokei," alikubali dada wa kazi, akaichukua simu taratibu na kuitia mfukoni mwa aproni yake.

Bi Namba alifuta macho kwa upindo wa shuka. Kama kawaida yake, akakimbilia enzi zake, ambako hakuna aliyemkatalia kitu.

"Neno hilo nimelisema mimi mpaka ulimi ukaota sugu," alisema, na kicheko kikamponyoka. "Alikuwepo msichana mmoja. Kila Jumamosi anapiga kutoka kibanda cha simu, anaomba duka la fundi saa, kijana mtanashati huyo! Na mimi nilikuwa namtaka fundi huyohuyo. Basi waya siuchomeki. Nangoja kidogo, namwambia, 'Hapokei, mdogo wangu. Jaribu Jumamosi ijayo.' Kwa sauti ya asali!"

"Naye akajaribu?"

"Weee! Alijaribu mpaka nusura nimwonee huruma. Mara ya mwisho akaniomba nimfikishie fundi ujumbe, kwamba amejifungua mtoto wa kike. Nikamwambia sisi hapa tunaunganisha laini tu, habari za uzazi apeleke hospitali." Alicheka mpaka akakohoa. "Mwaka uleule fundi akanioa. Mungu amrehemu, amekufa akiamini yule msichana ndiye aliyemtupa."

Dada wa kazi naye alicheka. Kicheko chake kilikuwa kizito, cha kuanzia puani.

"Loo! Unacheka kama marehemu mume wangu," alisema Bi Namba, akageuza uso kuelekea ilikotoka sauti.

"Na hukuwahi kujuta, mama?"

"Nijute nini? Nilipata mume." Kisha kicheko kikamwishia, akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa mwenzake. "Mpigie tena, mwanangu. Nakuomba. Jumatatu si mbali."

"Nitampigia. Ngoja nikuchemshie chai kwanza."

Jikoni, dada wa kazi alirudishia mlango. Alifunua kopo tupu la sukari, akatoa kisimu chake cha vitufe kilichozimwa sauti, akafuta ile simu ambayo haikupokewa, akakirudisha koponi. Kisha akabandika birika. Alikuwa bado anatafuta majani ya chai pale simu ya kioo ilipoanza kutetemeka mfukoni mwa aproni, bila mlio.

"Dada, ni mimi tena," ilisema sauti ya mwanamke kutoka mbali, karibu ilie. "Mama bado amenikasirikia? Niambie tu kama ni mzima. Nipe niongee naye neno moja, nakuomba."

Dada wa kazi aliitazama kalenda ya ukutani, pale Jumatatu ilipozungushiwa wino mwekundu.

"Mzima kabisa," alisema kwa sauti ya asali. "Ila hapokei, mdogo wangu. Jaribu Jumamosi ijayo."