Aliyekumbatiwa Benchini

Wa kwanza kumkumbatia Dane Kostiuk alikuwa kipa wa akiba. Kipindi cha pili, mechi inaendelea, watu elfu kumi na mbili wanapiga kelele, naye kipa akainuka benchini, akavua glavu na kumbana Dane kifuani kama anamsindikiza safari. Akafuata nahodha. Akafuata kocha msaidizi, yule ambaye hata salamu huitoa kwa taabu.

Juu, kwenye viti vya wake wa wachezaji, Janelle Kostiuk, mke wa Dane, alianza kutafuna kucha.

Hapa Saskatoon, Kanada, hakuna asiyejua maana yake. Siku ya kufungwa dirisha la uhamisho, mchezaji wa hoki ya barafuni akikumbatiwa benchini katikati ya mechi, basi huyo kauzwa, na ndege inamngoja. Na siku yenyewe ndiyo hii, Jumamosi, saa tisa kasorobo. Dirisha lilikuwa linafungwa saa tisa kamili.

"Shoga, weka simu chini," alisema Maude Thibodeau, mke wa nahodha, aliyekaa ubavuni kwake. "Na hizo kucha utazimaliza, ubaki unatafuna kiganja."

Simu ilikuwa inaita tena, namba isiyojionyesha. Janelle aliikata kwa mara ya nne. Anawajua waandishi wa michezo. Wanataka kumsikia mke analia kabla mume hajavua viatu vya barafu.

Msimu uliopita klabu tatu za Marekani zilimwekea Dane mikataba minono mezani. Akaikataa yote, akasaini miaka minane hapa hapa, kwa mshahara mdogo, kwa sababu moja tu. Figo za binti yao Tessa, mtoto wa miaka sita, zilikuwa zimefeli, na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya jimbo ya wanaosubiri kupandikizwa. Miezi kumi na tisa wamesubiri. Wakihama, jina linafutwa, wanakwenda kupanga foleni upya ugenini, tena mkiani. Daktari hakuwaficha: mtoto hana muda wa foleni mbili.

Miaka minane, ungedhani mtu amepata pa kutulia. Wapi! Kifungu cha kuizuia klabu isimuuze Dane bila ridhaa yake kilikuwa kinaanza kazi Julai mosi, na leo ni Machi. Na meneja mkuu, Lorne Wiebe, alikuwa anamtaka mshambuliaji mmoja kwa udi na uvumba, lakini kikomo cha mishahara ambacho ligi huiwekea kila klabu kilikuwa kimembana. Ili huyo aingie, lazima mtu mwenye mkataba mrefu atoke. Wiki iliyopita Janelle alimfuata ofisini, akamwomba, akalia.

"Mama, sitakudanganya," Wiebe alimwambia. "Mpaka saa tisa ya Jumamosi ipite, simwahidi mtu kitu."

"Uzeni hicho kisiki!" jamaa mmoja alipayuka kutoka viti vya nyuma. "Mbio hana, labda akatumike kuwashia moto!"

Wenzake wakacheka. Maude akageuka taratibu. "Wewe, funga domo lako. Mke wake ndiye huyu."

"Samahani, dada. Sikujua."

Janelle hakumsikia. Alikuwa anamtazama mumewe akitoka benchini kwa kuyumba, mkono usoni, akipotelea kwenye mlango wa vyumba vya kubadilishia nguo. Kwenye skrini kubwa mtangazaji alikuwa tayari ameshaanza: "Kostiuk ameondolewa mchezoni. Tunasubiri kujua anakwenda klabu gani." Janelle akanyakua koti lake na kushuka ngazi mbio.

Alimkuta Wiebe kwenye korido ya chini, simu sikioni, amempa mgongo.

"Nimesema imekwisha," Wiebe alikuwa akimwambia mtu. "Sitaki kusikia zaidi. Kwaheri."

Akageuka, akamwona. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umemuuza mwanangu," Janelle alisema. Hakupaza sauti. "Dane angeweza kuvumilia, yeye mtu mzima. Lakini umemuuza Tessa, Lorne. Nilikuja kwako, nikakulilia mbele ya katibu wako, na bado umefanya."

Wiebe akashusha simu. Akajipangusa macho kwa kiganja. Kumbe hata haya anazo, Janelle aliwaza, na hasira ikamzidi. Alitamani kumrukia pale pale amkwaruze uso.

"Na huko unakotupeleka," alisema, "watampa figo?"

"Mama, hili si langu kukuambia." Wiebe akaonyesha mwisho wa korido. "Nenda kwa mumeo. Yuko mlango wa magari, gari linawangoja. Usisimame hapa na mimi, tafadhali, nenda."

Janelle akaenda, kwa sababu hakubaki na la kufanya. Korido ilikuwa ndefu. Alihesabu kichwani vitu vya kufungasha: dawa za Tessa, mashine ya kusafishia damu, barua za daktari. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika mbili. Basi tena, dirisha lilikuwa limefungwa.

Dane alikuwa amesimama mlangoni na jezi yake iliyolowa jasho, miguuni soksi tupu, nje baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri. Alikuwa analia waziwazi.

"Wapi?" Janelle alimwuliza, akimshika jezi kwa mikono miwili. "Usinizungushe, Dane. Niambie tu wanatupeleka wapi."

"Hospitali," Dane alisema. "Walikupigia wewe, hupokei, ndipo wakaipigia klabu. Wamepata figo."