Kitovu cha Mjukuu

Bi Mwanatumu aliingia ofisi ya vipimo vya ardhi, kwa Shaali mpimaji, na kitovu cha mjukuu wake, kimefungwa kwenye leso. Alitafuta mahali pa kukizika, apande mnazi juu yake.

“Mwanangu Shaali, nionyeshe pasipofikiwa na maji mpaka mtoto afike umri wangu.”

Kisiwa chao kizima kilikuwa ndani ya kompyuta, na minazi yake. Shaali alisogeza miaka mbele kwenye skrini. Bahari ikala makaburi, ikala soko, ikapanda.

“Hapo je? Pamebaki pakavu.”

“Hilo ni bati la shule, bibi.”

“Basi rudisha.”

Shaali akairudisha miaka hadi leo. Minazi ikasimama tena yote. Bi Mwanatumu akaanza kufungua fundo la leso, akasita, akalikaza.