Mkono wa Kulia

Mardhiya alikuwa akimlisha mama yake uji, nyumbani kwao Madungu, simu ilipoita. Aliyepiga alikuwa mtumishi wa chuo alichosomea sheria. Walikuwa wakiandaa kitabu cha wahitimu wao.

"Sasa hivi uko wapi kikazi, dada?"

"Niko nyumbani Pemba. Niliacha kazi Dodoma mama alipopata kiharusi, mwaka jana."

"Basi nitajie mafanikio yako tangu uhitimu."

Mardhiya aliinamia bakuli. Aliosoma nao walikuwa mahakimu na mawakili. Akataka kusema hana.

Ndipo akahisi kijiko kinavutwa. Mama yake alikuwa ameinua mkono wa kulia, ule uliolala miezi kumi na moja. Vidole vilikishika kijiko kwa shida, vikitetemeka, uji ukimwagikia kanga. Kikafika mdomoni. Akameza.

"Dada, upo? Niandike nini?"

Mama alikuwa amekwisha kukirudisha kijiko bakulini, anachota tena.

"Nisubiri kidogo, dada yangu," alisema Mardhiya, akiilaza simu mkekani. "Mama anakula."