Maji ya Kisima cha Sokoni

Siku ya nne baada ya kumzika mwanawe, Mwanamkasi alikwenda kwa Feruzi, bwana afya wa mji, akiwa na chupa ya maji mkononi.

Kabla ya msiba huo, mji ulikuwa umegawanyika juu ya kisima cha sokoni. Mkutanoni Feruzi alisimama kueleza kwamba maji yake yana ugonjwa, lakini kigugumizi kilimkaba, watu wakaangua kicheko. Mwanamkasi naye alicheka. Kisha akasimama Shekuwe, mfanyabiashara mwenye sauti nzuri, akasema maji yale waliyanywa babu zao na hayakumdhuru mtu. Wakampigia makofi. Jioni ile Mwanamkasi aliteka ndoo mbili katika kisima hicho, akawapelekea wanawe.

Sasa Feruzi aliinuka akampa kiti. "Po-pole sana, mama."

"Nimebaki na mdogo wake," alisema Mwanamkasi. "Haya nimeyateka kisima cha msikitini. Shekuwe anasema ni safi. Wewe unasemaje?"

Feruzi aliyatazama maji kwenye mwanga wa dirisha, akaiweka chupa mezani.

"Kwa macho si-siwezi kujua. Nitayapima. Nitakujibu kesho kutwa."

"Shekuwe alijua papo hapo," alisema Mwanamkasi, na machozi yakamtoka. Aliyafuta kwa ncha ya kanga. "Na leo, mwanangu nimpe nini?"

Feruzi alifungua kinywa. Neno likamkwama, mishipa ya shingo ikamsimama. Mwanamkasi hakumsaidia kulimaliza. Alisogeza kiti karibu, akakaa akiitazama midomo yake, akingoja.