Ukuta Ulipotoa Ushahidi

Sheria mpya iliruhusu mahakama kufungua sauti zilizohifadhiwa na kuta za nyumba, ili aliyemdhuru mtoto ashtakiwe hata baada ya miaka arobaini. Sikudhani, fundi cherehani, alikuwa wa kwanza kushtaki. Ukuta wa chumba chake cha utotoni ukasema yote, na mjomba wake aliyemtendea unyama akafungwa maisha.

Nyumbani majirani walimbeba Sikudhani juu juu kwa vigelegele, naye akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Mama yake akamfuata jikoni. “Mwanangu, ukuta ulinisikia na mimi, nilipokukataza kumtaja kaka yangu. Wataniita lini?”

Sikudhani alimkumbatia kwa nguvu, lakini hakumwahidi kwamba hawatamwita.